Samaki Hafi Barabarani: Maongezi ya Kisumu Kuhusu Kuhama na Tangi

(Watu kadhaa waliniomba niandike yale niliongea kwa mkutano wetu wa wafugaji wa samaki wa nyumbani hapa Kisumu. Nimeyaacha vile yalitoka mdomoni, na maswali ya watu nimeyaweka humo humo ndani.)

Haya, hamjambo nyote. Wazee wangu shikamooni, kina mama, vijana wa Nyalenda na Migosi nawaona mmejificha hapo nyuma, na wageni wetu wa Kakamega na Nakuru, karibuni sana. Mwenyekiti amenipa nusu saa, mimi najijua nitapitisha, kwa hivyo mnisamehe mapema.

Nimeambiwa niongee juu ya kuhama na tangi la samaki. Hii mada haikuokotwa. Kila mwisho wa mwezi simu yangu inalia, mtu amepata nyumba ingine, ama amehamishwa kazi kutoka Kisumu kwenda Nakuru, ama landlodi ameongeza kodi, na swali ni lile lile: fundi, si tunaweza tu kuliinua na samaki wakiwa ndani, watu wanne, tunaliweka kwa pikap, dereva anaenda pole pole? Wacha nijibu hiyo sasa hivi ndio mwenye haraka aende zake. Hapana. Hata ukiwa na watu wanane.

Tufanye hesabu kidogo. Tangi la futi nne, hili la kawaida mnaliona kwa sebule za watu, ni kama sentimita 120 urefu, 45 upana, 50 kimo. Zidisha, unapata lita 270. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo umebeba kilo 270 za maji peke yake, hapo sijataja kioo, changarawe, mawe na hiyo meli ya plastiki uliyowanunulia watoto. Mtu atasema basi tutoe nusu. Sawa, umebaki na kilo 135, na nusu tangi ndio mbaya zaidi kwa sababu sasa maji yana nafasi ya kukimbia, pikap ikiruka tuta pale Ahero maji yote yanaenda upande mmoja, yanagonga kioo, yanarudi upande ule mwingine na nguvu ile ile, na samaki wako katikati ya hayo yote wanapigwa na mawe.

Na kinachoachilia kwanza si kioo, ni silikoni, ile gundi inayoshika vioo. Mkiinua tangi lenye maji kwa kushika pembe, sakafu yake inajikunja kidogo sana, hutaona kwa macho, lakini ile silikoni ya kwa maungio inavutwa. Ubaya wake haivuji siku hiyo. Mnafika, mnapongezana, soda zinafunguliwa, halafu wiki ijayo saa nane usiku jirani wa chini anakugongea mlango akiwa na mopu mkononi.

Kuna kitu kimoja kidogo nitaruhusu. Kama ni katangi ka lita kumi, kale ka samaki mdogo mmoja anaitwa beta kwa dawati, na unatoka sebuleni kuingia bedroomu, punguza maji yabaki robo, toa mawe, weka ubao chini yake, beba kwa mikono miwili kutoka chini. Bedroomu. Si Kericho.

Sasa nisikizeni vizuri hapa. Watu wanaogopa barabara, na mimi nawaambia kwa hizi kazi nimeona samaki wengi sana wakifika salama, wanaogelea, mwenye nyumba anapiga picha anaweka kwa stetasi, halafu siku ya tatu mmoja anaanza kupumulia juu ya maji, siku ya tano wawili wako chini wamelala ubavu, na kufika wiki tangi limebaki na kile kisamaki cha kulamba kioo. Hapo ndio napigiwa simu, fundi, samaki walichoka na safari. Safari haina makosa. Samaki hafi barabarani, anauawa na usafi wa siku ya kuhama.

Nieleze. Samaki anatoa amonia, na nyingi inatokea kwa matamvua pale anapumua, usiku na mchana, hana likizo. Amonia ni sumu kwake yeye mwenyewe. Kinachomuokoa ni bakteria. Kuna kundi linalokula amonia linaigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, halafu kundi lingine linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaweza kuivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Hawa bakteria hawaelei tu kwa maji, na hapa ndio wengi wanapotea, mtu anabeba jerikeni kumi za maji ya zamani akidhani amebeba bakteria, kumbe wamejishikilia kwa vitu, kwa changarawe, kwa mawe, na zaidi ya yote ndani ya sponji ya filta, ule utelezi wa rangi ya kahawia ambao ukiugusa unasema aah, uchafu huu. Kulijenga hilo jeshi kutoka sufuri kunachukua wiki nne, saa zingine sita.

Sasa siku ya kuhama inafika. Mtu anasema hatuwezi kuhamia nyumba mpya na uchafu. Anachukua sponji, anaiweka chini ya mfereji, anaifinya mpaka maji yanatoka meupe, wengine naskia wanaongeza sabuni, Mungu wangu, changarawe nayo inaoshwa kwa karai mara tatu inaanikwa juani. Klorini ya mferejini imewekwa kuua bakteria, inafanya kazi yake vizuri. Jioni tangi linang'aa, maji mapya kabisa, samaki ndani, na hakuna kiumbe hata kimoja cha kula amonia. Nyinyi mnaogandisha maziwa nyumbani mnajua, huwezi kupata lala ya leo kama hukuacha kidogo ya jana. Sponji ndio lala ya jana.

Kwa hivyo mimi nikiitwa kuhamisha, kitu cha kwanza naangalia si kioo, si hata samaki. Naangalia filta itasafiri aje.

Na inasafiri hivi. Hao bakteria wanahitaji oksijeni kama sisi. Filta ikizimwa na maji yakiwa yamejaa ndani, hasa zile za kopo zinazokaa chini ya stendi, oksijeni iliyo ndani inaisha kwa saa chache, wanaanza kufa, wanaoza humo humo, na ukiiwasha jioni unamwagia samaki supu yenye sumu. Sasa fanya hivi, fungua kopo, mwaga maji, toa sponji na vile vipande vya kauri wanamokaa bakteria, ziweke kwa ndoo na maji kidogo ya tangi, ziwe nyevu lakini zisizame kabisa, funika na kifuniko bila kukaza. Wacha nirudie kwa sababu naona mama hapa mbele anaandika: nyevu, zisikauke, zisioshwe. Na kama ni filta ya sponji ya kupuliziwa hewa, hiyo ni raha, ipeleke tu ndani ya ndoo ya samaki na uiendeshe na pampu ya betri njia yote, kuna zile vipampu vya kuchomeka kwa pawabanki siku hizi, ni rahisi na vinashinda kitu chochote cha bei kubwa.

Tuanze siku yenyewe. Kwanza njaa. Usiwalishe siku moja kabla, na wakubwa kama oskari siku mbili, kwa sababu anachokula leo atakitoa kesho ndani ya ndoo, na ndoo haina filta kubwa. Hawatakufa, samaki mzima anakaa hata wiki bila kula. Shida ni watoto, kuna mtoto atataka kuwapa chakula cha kwaheri, mfiche kopo.

Hita izime mapema, nusu saa kabla ya kutoa maji. Hita yenye moto ikipata hewa ghafla kioo chake kinapasuka. Hata mkifika, isirudishwe kwa stima mpaka imekaa ndani ya maji kama nusu saa. Chomoa kila kitu kwa soketi kabla mkono haujaingia kwa maji, hiyo sielezi.

Halafu chukua maji ya juu, yale safi, kabla hujavuruga chini. Jaza jerikeni, ukiweza beba nusu ya maji ya tangi. Ndio, nimesema hayana bakteria wa maana, lakini samaki amezoea hayo, na kumtoa kwa maji ya zamani kumtia kwa mapya mia kwa mia ni mshtuko, hasa kama wewe ni wale wa kubadilisha maji Krismasi hadi Krismasi. Na tafadhali wacha kunyonya mpira kwa mdomo. Zamisha mpira wote ujae maji, ziba mwisho na kidole, shusha kwa ndoo, achilia, yanateremka yenyewe.

Toa mawe, toa magogo, toa mimea ifunge kwa gazeti lililoloweshwa. Usikimbizane na samaki kwanza. Watu wanaingiza neti kwa tangi limejaa mapambo, wanawafukuza dakika arobaini, samaki wamechoka kabla safari haijaanza. Maji yakibaki sentimita kumi na tano na hakuna pa kujificha, unawachota bila mbio, na kama unaweza tumia jagi ama bakuli badala ya neti, mapezi hayachaniki.

Changarawe toa baada ya samaki, si kabla, kwa sababu chini ya ile iliyolala miaka kuna madoa meusi na harufu ya yai bovu, hiyo ni gesi mbaya na ukiivuruga samaki wakiwa ndani unawamaliza. Suuza kidogo tu na maji ya tangi. Na usiliinue tangi na changarawe ndani ati kwa sababu ni chache.

Sasa tuje kwa vyombo. Ukisoma kwa mitandao utaambiwa mfuko wa plastiki, theluthi moja maji, theluthi mbili hewa, funga. Hiyo kanuni ni ya kweli, na wale mliolima samaki wakati wa ule mradi wa serikali wa mabwawa wa 2009 mliona vifaranga vikiletwa hivyo na oksijeni ya mtungi. Lakini sisi tuko Kenya, tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, na mimi kwa kuhama nyumba sioni sababu ya kuitafuta. Ndoo ya lita 20 yenye kifuniko, ile ilikuwa ya mafuta ya kupikia, imeoshwa na maji moto bila sabuni, inashinda mfuko. Haitoboki, inasimama, ni giza ndani na giza linatuliza samaki. Iliyokuwa na rangi ya kupaka nyumba hapana, hata ukiiosha namna gani. Maji nusu, hewa nusu, toboa tundu dogo kwa kifuniko upitishe mrija wa pampu. Oskari kila mmoja ndoo yake manake wakibanwa wanapigana, wale wadogo wasio na noma wanakaa pamoja lakini usiwasonge.

Hapo mzee mmoja akauliza, na kamongo je, mimi nina kamongo. Watu wakacheka, lakini ni swali la maana sana. Mzee wangu, kamongo anapumua hewa kwa mapafu, ni lazima aje juu avute. Ukimjazia ndoo mpaka kwa kifuniko kwa huruma ati apate maji mengi, utamzamisha, samaki azame ndani ya maji, na watu watakushangaa. Mwekee maji ya kumfunika mgongo tu na nafasi ya kutosha juu, na usimshike kwa mkono, yale meno hayana mzaha. Beta na gurami pia wanakuja juu kuvuta hewa, kwa hivyo sheria ni ile ile. Mumi naye ana miba kwa mapezi ya kando na anaruka, ndoo ifungwe na kamba. Mwenye mbuta kwa tangi, sitakusaidia, huyo ni samaki anayeweza kufika kilo 200, uza mapema.

Wenye fulu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, nao wana mambo yao. Jike la fulu anabeba mayai na watoto mdomoni, karibu wiki mbili tatu, hali chakula. Ukimkimbiza na neti anawatema ama anawameza. Ukiona shavu limefura na hataki kula, kama unaweza ahirisha kuhama wiki hizo, ahirisha. Kama huwezi, mchote na jagi pamoja na maji yake, ndoo yake peke yake, funika, usifungue fungue kumchungulia.

Barabara yenyewe. Anayetoka Tom Mboya kwenda Mamboleo hana shida, tuktuk mbili na umemaliza, mi naongea na wale wa kwenda Nakuru. Kisumu tuko mita 1,100 na kidogo juu ya bahari, ukipita Kericho ukafika Mau Summit uko karibu mita 2,500, halafu unashuka Nakuru kama 1,850. Kila unavyopanda hewa ya nje inapungua nguvu, kwa hivyo hewa uliyofungia Kisumu inafura, kufika kule juu imeongezeka karibu moja ya sita. Kama umetumia chombo kilichokazwa kabisa, kitavimba, kifuniko kinaweza kuruka palipo na lori nyuma na lori mbele. Lile tundu la mrija linamaliza hiyo shida.

Pia joto. Adhuhuri hapa bonde la Kano maji kwa ndoo yanapanda haraka, na maji moto yanashika oksijeni kidogo, ya digrii 20 yanashika kama miligramu 9 kwa lita, ya digrii 30 kama 7 na nusu, hizo ni hesabu za usawa wa bahari, huku kwetu juu ni pungufu. Halafu saa mbili baadaye uko Mau Summit unavaa jaketi. Kwa hivyo toka alfajiri, ndoo zifungwe na blanketi pande zote, zikae ndani ya gari si nyuma ya pikap wazi, na mtu wa kukaa nazo. Tangi tupu lisafiri limesimama vile linakaa nyumbani, juu ya godoro, limefungwa blanketi, liegemee upande wa kabini, na asiwepo mtu wa kuweka kapu la sufuria ndani yake ati nafasi isipotee. Kuna watu wanapenda sana kuokoa nafasi.

Mmefika. Hapa ndio nina ugomvi na karibu kila mteja. Kila mtu anataka samaki warudi kwa tangi jioni hiyo hiyo kabla hata kitanda hakijafungwa. Mimi nasema tafuta pipa kubwa safi la lita mia ama zaidi, weka maji ya zamani yote uliyobeba, weka filta ifanye kazi hapo, washa hewa, samaki wale humo, walale humo. Ndio hivyo, pipa. Wewe nenda kafunge kitanda. Tangi lipate usiku mzima wa kujaribiwa, lijaze maji ya mfereji, weka gazeti kavu chini pembeni uone asubuhi kama limelowa. Stendi uipime na pima maji, kwa sababu sakafu za nyumba zetu fundi alikuwa na haraka, na tangi likiinama upande mmoja uzito wote unaegemea kioo kimoja. Si karibu na dirisha, si juu ya kabati la televisheni, na waya wa stima uteremke chini ya soketi kwanza halafu upande, ndio maji yakitiririka kwa waya yadondoke sakafuni yasiingie kwa soketi.

Maji mapya, ya bomba, yaondoe klorini. Dawa ya klorini iko kwa maduka ya samaki, tone chache na imekwisha. Bila dawa, acha maji kwa beseni wazi saa 24 na pampu ya hewa ikichemsha ndani. Na kijana wa Dunga usiniletee maji ya ziwa kwa jerikeni ati ndio asili, utaleta vimelea na konokono, na konokono wa ziwa letu mnajua wanabeba kichocho.

Kuwatoa kwa ndoo kwenda kwa pipa ama tangi kuna kitu watu hawajui. Kwa chombo kilichofungwa muda mrefu samaki anapumua anatoa kaboni dioksidi, hiyo inafanya maji kuwa na asidi kidogo, na kwa maji ya asidi ile amonia nyingi iko kwa hali isiyodhuru sana. Ukifungua ukaacha wazi na hewa ikipuliza, kaboni dioksidi inatoka, asidi inapungua, na amonia ile ile inageuka kuwa kali ndani ya dakika chache. Kwa hivyo kama mlisafiri bila pampu, chombo kimefungwa saa nne, usikifungue ukaanza kuongeza kikombe kimoja kimoja saa nzima kama unalea mtoto. Kikiwa bado kimefungwa kiache karibu na tangi, ama kielee ndani, dakika ishirini joto lilingane, fungua, changanya maji kidogo haraka haraka, chota samaki umtie, maji ya ndoo umwage nje, yasiingie kwa tangi hata tone. Waliosafiri na pampu ikiendelea wanaweza kuchukua muda zaidi, hao maji yao hayajafungiwa.

Wiki ya kwanza lisha nusu ya kawaida. Badilisha robo ya maji kila siku ya pili, na ukipata vile vifaa vya kupima amonia na nitriti, unataka zote zisome sufuri. Samaki akipumulia juu ama matamvua yakiwa mekundu usinunue dawa ya rangi ya bluu, badilisha maji.

Maswali. Dada wa Nakuru ameuliza kama baridi ya kwao itaua samaki waliozoea Kisumu. Dada yangu, goldfish wala hatashtuka. Wale wa joto, enjelo, gapi, neoni, wanataka kati ya 24 na 28, na Nakuru usiku wa Julai nyumba inakuwa baridi kweli kweli, hapa Kisumu wengi wenu hamjawahi kununua hita na mlikuwa sawa, kule utanunua kabla ya kuhama si baada. Na maji ya visima vya huko mengi yana floridi nyingi, kwa hivyo tumia ya mvua ama ya mfereji uliyoyajua, na badilisha polepole kwa wiki mbili.

Kijana mwingine akasema yeye anahamia singo rumu, tangi halitaingia, si awaachilie tu ziwani wakaishi maisha yao. Kijana, hapo ndio nitakukemea mbele za watu. Mbuta waliwekwa ziwani hili miaka ya 50 na 60, na fulu wa mamia ya aina walipungua ama wakapotea kabisa. Hyacinth, yaani gugumaji, iliyotufungia fuo za ghuba ya Winam tangu miaka ya 90 ni ua la kupendeza lililotoka Marekani ya Kusini, kuna mtu alilipenda akalihamisha. Samaki wa tangi ni hivyo hivyo, na mimea na maji ya tangi mwaga kwa udongo, si kwa mtaro unaoenda ziwani. Uza, gawa, leta hapa kwa kikundi, hakuna samaki amewahi kukosa mtu wa kumchukua.

Mama akauliza stima ikipotea usiku wa kwanza je. Mama, pampu ya pawabanki ile ile uliyotumia kwa gari, usiirudishe kwa kisanduku. Hewa kwa maji ndio muhimu, taa iache imezimwa hata kukiwa na stima, siku ya kwanza wanataka giza. Filta ikizimika saa moja mbili haina neno, ikipita hapo toa sponji uiache nyevu kwa hewa kama nilivyosema, stima ikirudi rudisha.

Haya, mwenyekiti ananionyesha saa na chai naona imefika. Wale wanaohamia matangi mapya na hawana filta ya zamani, hapo mlangoni nimeacha ndoo ya sponji kutoka kwa tangi langu, chukueni kipande kipande mkaweke ndani ya filta zenu mpya, zifunikeni na kitambaa kilicholowa mpaka nyumbani, na yule atakayezifinya njiani nitamjua.